Binti wa tajiri, ripota na basi la usiku

Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa burudani Jumamosi iliyopita, ile ya picha za mapenzi zenye vichekesho, tuliisoma kwa raha mpaka tulipofika aya ya tatu. Hapo mwandishi anasema hadithi ya Dil Hai Ke Manta Nahin, ya Aamir Khan na Pooja Bhatt, ilitungwa Bombay mwaka 1991. Anasema picha za namna hiyo hufaulu kwa sababu zina fedha nyingi na mastaa wenye hamu ya kucheza pamoja. Kisha anaongeza kwamba Clark Gable aliua biashara ya singlendi Marekani nzima kwa kuvua shati mbele ya kamera. La kwanza si kweli, la pili ni kinyume cha kweli, la tatu ni hekaya. Tungeyaacha yapite, ila vijana wanaopiga picha zao huku kwetu husoma kurasa hizo na kuzifanya somo la kazi.

Tuanze na ukoo. Agosti 1933 jarida la Cosmopolitan la Marekani lilichapa hadithi fupi ya Samuel Hopkins Adams iitwayo Night Bus. Kampuni ya Columbia ikainunua, Robert Riskin akaandika muswada, Frank Capra akaongoza, na tarehe 22 Februari 1934 picha ikafunguliwa Radio City Music Hall, New York, kwa jina la It Happened One Night. Mwaka 1956 Wahindi wakaichukua na kuiita Chori Chori, steringi akiwa Raj Kapoor, mwenzake Nargis, na Pran akiwa mchumba asiyefaa. Mahesh Bhatt akairudia tena mwaka 1991. Kwa hiyo bibi aliyempenda Nargis na mjukuu aliyekodi kanda ya Aamir Khan walikuwa wanasimuliwa kisa kimoja, chenye asili katika jarida la miaka ya thelathini.

Kwa asiyeiona, mambo ni haya. Ellie Andrews (Claudette Colbert), binti wa tajiri mkubwa, amefunga ndoa kwa siri na rubani mpenda anasa aitwaye King Westley. Baba hakubali, amemweka ndani ya yoti yake huko Miami. Binti anagoma kula, anajitosa baharini, anaogelea hadi nchi kavu na kupanda basi la New York amfuate mume. Humo anakutana na Peter Warne (Clark Gable), ripota aliyefukuzwa kazi muda huo huo, ambaye anamtambua. Wanapatana: mwanamume atamfikisha kwa mumewe, na mwanamke atampa habari ya kuuza gazetini. Baba naye ametangaza zawadi ya dola 10,000. Basi. Hamna jambazi, hamna mgonjwa wa kufa, hamna mganga. Dakika 105 zote zinabebwa na watu wawili wanaogombana juu ya kiti, chakula na chenji.

Sasa fedha na hamu. Columbia ilikuwa studio ndogo isiyo na majumba yake ya sinema, na picha hii ilipewa dola 325,000 hivi. Robert Montgomery aliukataa muswada. Myrna Loy aliukataa, na Margaret Sullavan, na Miriam Hopkins. Gable aliazimwa kutoka studio ya MGM kwa hesabu rahisi kabisa: MGM ilikuwa inamlipa dola 2,000 kwa wiki, awe kazini au amekaa bure, na Columbia ikakubali kutoa 2,500. MGM ikabaki na faida ya dola 500 kila wiki. Claudette Colbert wa Paramount alikuwa na kinyongo cha zamani, kwani picha yake ya kwanza kabisa, For the Love of Mike ya mwaka 1927, iliongozwa na huyo huyo Capra na ikaanguka vibaya. Akaweka masharti mawili, akidhani yatakataliwa: alipwe dola 50,000, mara mbili ya malipo yake ya kawaida, na kazi iishe ndani ya wiki nne kwa sababu alikuwa na likizo yake. Yalikubaliwa yote mawili. Peke yake alichukua asilimia 15 ya bajeti. Gable kwa wiki nne hizo aliigharimu Columbia kama dola 10,000 tu. Na Colbert alipomaliza kazi alimwambia rafiki yake kwamba ametoka kucheza picha mbaya kuliko zote duniani.

Wiki nne kwa dakika 105. Ukihesabu siku sita za kazi kwa wiki, ni lazima upate dakika nne na ushee za picha iliyokamilika kila siku. Mwongozaji yeyote anajua mwendo huo unakunyima nini: huna nafasi ya kurudia sini moja mara thelathini, wala ya kujenga mandhari kubwa. Capra alilipa deni hilo kwenye karatasi kabla ya kulipa kwenye kamera. Rafiki yake Myles Connolly aliusoma muswada wa mwanzo akasema wahusika hawapendeki. Binti ni mdekezwa tu, nani atamhurumia? Mwanamume naye hana uzito. Dawa aliyopendekeza ni ndogo lakini ilibadili kila kitu. Binti awe amechoka kuwa binti wa tajiri, na mwanamume awe ripota mkavu, mtu wa mitaani anayemfundisha maisha. Hata kamera zilipoanza, Gable na Colbert walilalamikia muswada, na Riskin akaruhusiwa kuufanyia marekebisho.

Jambo jingine walilokuwa nalo mkononi ni mwendo wa maneno. Mwaka 1932, katika American Madness, Capra alikwisha kujaribu kuwafanya waigizaji waseme haraka kuliko kawaida na kudakiana maneno. Aliona kwamba mazungumzo ya mwendo wa sebuleni, yakitupwa kwenye pazia kubwa mbele ya watu mia kadhaa, huonekana kama ya watu wenye usingizi. Katika basi la mwaka 1934 hakuna anayengoja mwenzake amalize. Msikilize Shapeley, yule abiria mropokaji aliyechezwa na Roscoe Karns: anamimina maneno pumzi moja, na kicheko kinatoka kwa msikilizaji anayetafuta upenyo asipate.

Lakini yote hayo yangeweza kufanyika na picha ikasahaulika. Kilichoibakiza ni blanketi.

Usiku mmoja daraja limekatwa na mvua, hela ni chache, na hao wawili wanalazimika kulala katika kijumba kimoja cha kambi ya wasafiri wenye magari, kwa jina la mume na mke. Vitanda viwili. Peter anafunga kamba kutoka ukuta huu hadi ule, anatundika blanketi katikati, anaita Kuta za Yeriko, zile za Biblia zilizoanguka kwa tarumbeta. Anamweleza binti kwamba Yoshua alikuwa na tarumbeta, yeye hana, kwa hiyo alale bila wasiwasi. Binti bado amesimama upande wa mwanamume kwa ukaidi. Peter anaanza kumwonyesha hatua kwa hatua jinsi mwanamume anavyovua nguo: koti, tai, shati, viatu. Mkono ulipofika kwenye suruali, binti anakimbilia upande wake.

Tazama kazi ya kitambaa hicho kimoja. Kwanza, kinampa kila mhusika chumba chake bila gharama ya chumba cha pili. Pili, kinaruhusu mtu kusema maneno ambayo hangeyasema akitazamwa usoni, na mtazamaji anaziona nyuso zote mbili wakati wao hawaonani. Tatu, kinatikisika. Binti akivua nguo upande wa pili, blanketi linacheza, na nguo zake za ndani zinatundikwa juu yake mpaka Peter anamwomba aziondoe ukutani. Hakuna kilichoonyeshwa, na kila mtu ukumbini amejua kila kitu. Nne, na hili ndilo waigaji husahau, blanketi ni ahadi. Ukishaambiwa ukuta huu huanguka kwa tarumbeta, unakaa kwenye kiti saa nzima ukilisubiri tarumbeta.

Anayetaka kupiga sini ya namna hiyo leo na achukue tahadhari chache za ufundi. Blanketi zito la manyoya halifai, kwa kuwa halitikisiki. Tafuta la pamba, jepesi, lenye rangi isiyong'aa. Kamba ifungwe kwenye misumari imara na ikazwe kila baada ya kupiga, maana ikilegea kidogo blanketi linashuka kiganja kizima, na ukifika kwenye uhariri vipande haviungani: kwenye kimoja linafika kwenye mto, kwenye kingine liko magotini. Taa za pande mbili zisilingane. Upande mmoja uwe na taa yake ya kitandani, mwingine upate mwanga hafifu wa dirishani. Mpiga picha Joseph Walker aliuacha uso wa Colbert gizani, macho tu yakimeta, mvua ikitiririka kwenye kioo nyuma. Pande zote ziking'aa sawa, ukuta unapotea machoni na unabaki na watu wawili wanaozungumza karibu na nguo iliyoanikwa. Sauti ichukuliwe kwa maikrofoni mbili. Moja ikiwekwa katikati juu ya kamba itachukua mlio wa kitambaa kuliko maneno.

Na basi lenyewe? Kosa tunaloliona mara kwa mara katika kazi za hapa ni kupiga mazungumzo ndani ya basi linalotembea kweli. Injini hupanda na kushuka, kwa hiyo kila unapokata picha sauti inaruka, na abiria halisi wanatazama kamera. Liegeshe, zima injini, weka watu wawili nyuma walisukume bampa polepole, mwingine apitishe taa nje ya madirisha kutoka mbele kwenda nyuma kwa vipindi visivyolingana. Mlio wa injini urekodiwe peke yake kwa dakika tatu hivi, utandikwe chini ya sini nzima. Usiku utakusaidia kuficha kwamba nje hakuna kinachosogea.

Turudi kwenye hadithi, kwa sababu kuna injini ya pili ambayo ni chenji. Marekani ilikuwa katikati ya mdodoro mkubwa wa uchumi, na picha haikuhubiri juu yake. Iliihesabu tu. Binti ameibiwa begi kituoni. Peter anachukua fedha alizobaki nazo na kuanza kumpangia matumizi, anamkataza kununua sanduku la chokoleti. Mwanamke mmoja ndani ya basi anazimia kwa njaa, mwanawe analia, na noti ya hawa wawili inaishia mkononi mwa mtoto. Tangu hapo hawana nauli, wanalala kwenye nyasi kavu shambani, wanakula karoti mbichi. Karoti hiyo ndiyo kipimo cha mapenzi. Mara ya kwanza binti anaikataa kwa kiburi. Baadaye, bila neno lolote, anaitafuna, na mwanamume anaiona. Hakuna aliyesema nakupenda, lakini umeshaona kiburi kimekwenda wapi. Bob Clampett, mmoja wa waliomtengeneza sungura Bugs Bunny, alisema namna sungura huyo anavyotafuna karoti akiongea ilitoka kwa Gable wa picha hii.

Chakula kinafanya kazi hiyo toka mwanzo hadi mwisho, nasi tungependa watunzi wa miswada wahesabu. Kwenye yoti binti anaipiga kumbo sinia ya baba yake. Kijumbani anapikiwa yai na kufundishwa kuchovya donati kwenye kahawa: ichovye upesi, ukichelewa inalainika na kuanguka kikombeni. Shambani karoti. Ngazi tatu, na kila ngazi anashuka kutoka kwenye utajiri na kupanda kwenye utu.

Kuna sini mbili wanafunzi wa uigizaji wangepaswa kuzikariri. Moja ni ya wapelelezi wa baba wanapogonga mlango wa kijumba asubuhi. Hapo hapo wawili hao wanageuka mume na mke waliochokana: Peter anafoka, binti anajibu kwa lafudhi ya uswahilini na kulia, anaitwa binti wa fundi bomba, wapelelezi wanaona aibu na kuondoka. Siri ya sini ni kwamba ni mara yao ya kwanza kufanya jambo pamoja, na linafanyika kwa kutukanana. Wakimaliza, wanacheka kama watoto walioiba embe. Mwandishi dhaifu angeweka hapo busu.

Ya pili ni ile ya lifti. Peter anajigamba kwamba ana mbinu tatu za kidole gumba, kila moja na mtikisiko wake, na magari yanapita yote. Binti anasogea barabarani, anapandisha sketi juu ya goti, gari la kwanza linakanyaga breki. Colbert alikataa kuonyesha mguu wake. Capra hakubishana. Aliita mnenguaji mmoja wa kundi ili mguu wake upigwe badala ya ule wa Colbert. Colbert alipouona alisema huo si mguu wake, ondoeni, akafanya mwenyewe.

Hawa watu wawili hawabusiani hata mara moja katika picha nzima. Kwenye nyasi kavu nyuso zinakaribiana, kisha mwanamume anainuka na kujitenga. Usiku wa mwisho barabarani binti ndiye anayevuka blanketi, analia, anasema anachokitaka. Peter anamrudisha kitandani, anawaza, na anapouliza kama alikuwa anamaanisha, binti keshalala. Hapo ndipo mambo yanaharibika, tena kwa sababu nzuri: Peter anaondoka usiku kwenda New York kuuza habari kwa dola 1,000, asije kuomba mke mkono mtupu. Wenye kambi wanamkuta binti peke yake, wanamfukuza, naye anaamini ametelekezwa. Kutoelewana huko hakutokani na mtu mwovu aliyeficha barua. Kunatokana na tabia za hao hao wawili, kiburi cha mmoja na pupa ya mwingine.

Baadaye Peter anakwenda kwa tajiri kudai, na hapa tunaomba mwandishi wenu aitazame tena. Hadai dola 10,000 za zawadi. Anadai dola 39 na senti 60, gharama za njiani, zimeorodheshwa. Baba, aliyechezwa na Walter Connolly, anaelewa papo hapo mbele yake yuko mtu wa namna gani, na siku ya harusi rasmi ya binti na huyo mumewe wa siri, Westley akiwa ameshatua uwanjani kwa ndege yake yenye panga juu kama helikopta, ni baba huyo anayemnong'oneza bintiye njiani kuelekea kwa kasisi kwamba gari liko nje likimsubiri. Binti anakimbia na shela lake. Namba hiyo, 39.60, imefanya kazi ambayo hotuba ya kurasa mbili isingeiweza.

Sasa singlendi. Ni kweli Gable anavua shati na ndani hana kitu. Maelezo yanayotolewa ni ya kiufundi: kuvua singlendi kichwani huku ukisema maneno ya kuchekesha kunafunika uso na kukata mwendo wa mazungumzo, kwa hiyo ikaachwa. Kwamba viwanda vya nguo za ndani vilianguka kwa ajili hiyo, kumekuwa na simulizi nyingi, na asilimia kubwa kubwa hutajwa, lakini ushahidi wa mauzo haujapatikana. Gazeti lisiichape kama habari.

Bahati ya picha hii ilikuwa pia ya kalenda. Kanuni za maadili za Hollywood ziliandikwa mwaka 1930, lakini zilianza kusimamiwa kwa nguvu chini ya Joseph Breen mnamo Julai 1934, miezi mitano baada ya picha kutoka. Mke wa mtu analala chumba kimoja na mwanamume mwingine, sketi inapanda juu: miezi michache baadaye muswada ungerudi umejaa wino mwekundu. Hata hivyo, waliokuja nyuma walijifunza kwake namna ya kupita. Ukiwa na blanketi la kutosha huhitaji kuonyesha lolote.

New York haikuishangilia sana mwanzoni. Radio City iliitoa baada ya wiki moja. Ilipofika kwenye majumba madogo ya miji ya mikoani ndipo watu walipoanza kuambizana na kurudi mara ya pili. Tarehe 27 Februari 1935, katika hoteli ya Biltmore, Los Angeles, ilichukua tuzo zote tano kubwa za Oscar: picha bora, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike na muswada. Colbert alikuwa hana matumaini kiasi kwamba alikuwa kituoni akipanda treni. Alifuatwa, akapokea tuzo akiwa na nguo za safari, akarudi treni ikimngoja. Hakuna picha iliyorudia tano hizo hadi One Flew Over the Cuckoo's Nest ya mwaka 1975, kisha The Silence of the Lambs ya mwaka 1991. Sanamu ya Gable, ambayo alimpa mtoto mmoja aliyeipenda, ilinunuliwa mnadani mwaka 1996 na Steven Spielberg kwa dola 607,500, naye akairudisha kwa taasisi inayotoa tuzo hizo. Fedha hizo ni karibu mara mbili ya bajeti ya picha nzima.

Kuhusu warithi tuna neno moja zaidi, kwa sababu linahusu wanaoiga. Columbia yenyewe iliirudia mwaka 1956 kwa jina la You Can't Run Away from It, rangi kamili, pazia pana, June Allyson na Jack Lemmon, nyimbo ndani. Leo wachache wanaikumbuka. Mwaka huo huo Chori Chori, nayo yenye nyimbo, ilipata uhai ambao haujaisha. Tofauti iko wapi, kama zote zina nyimbo? Katika ile ya Marekani wimbo unasimamisha ugomvi ili watu waimbe. Katika Chori Chori, muziki wa Shankar na Jaikishan umefanywa ukuta. Uangalieni wimbo wa vikaragosi: Raj Kapoor na Nargis wanageuka wanasesere wa kamba, na kwa kuwa ni wanasesere wanaruhusiwa kulalamikiana kimapenzi jambo ambalo mchana, kwa midomo yao, hawathubutu. Ni blanketi lile lile, limeshonwa kwa kitambaa cha kwao. Lata Mangeshkar na Manna Dey wanaimba upande mmoja wa kamba, wahusika wako upande wa pili. Msikilizaji wa Pwani aliyekulia kwenye taarabu, ambako mtu huimba kwa mafumbo kile asichoweza kukisema mlangoni kwa jirani, hana haja ya kufafanuliwa.

Kwa hiyo anayetaka kuichukua hadithi hii aipeleke Tanga au Kigoma asibebe binti wa tajiri na ripota. Hao wapo kila mahali na wamechoka. Achukue vitu vitatu: kizuizi kinachoshikika kwa mkono, hesabu ya fedha inayopungua mbele ya macho yetu, na mtu wa tatu anayeaminika ambaye hawa wawili lazima wamwongopee pamoja. Picha nyingi za mapenzi za hapa hukosa la kwanza. Wapenzi wanatenganishwa na mama mkwe anayefoka, na mama mkwe akinyamaza hakuna tena kinachowazuia, kwa hiyo dakika ya ishirini wamekwisha kukumbatiana na zilizobaki ni kulia. Nyingine zina kizuizi lakini mhariri ametandika muziki juu ya kila utani ili tujue pa kucheka, na muziki huo unameza nusu sekunde ya kimya ambamo uso wa msikilizaji ndio kichekesho chenyewe. Mwacheni msikilizaji asikike akinyamaza.

Mwisho wa picha wenyewe hauna steringi wala mpenzi wake. Tunaona wenye kambi nyingine, mume na mke wazee, wakishangaa usiku: wageni wao wamefunga ndoa, cheti wamekiona, sasa kamba na blanketi ni za nini? Na ile tarumbeta ya kitoto waliyoagiza? Tarumbeta inalia. Blanketi linaanguka sakafuni. Taa ya kijumba inazimwa.

Wasomaji wenu,
wapenzi wa picha za zamani,
Tanga